Madumu Hamsini na Nane Kwenye Theluji

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Marlys Tveit anatoka kwa mlango wa jikoni akiwa amevaa koti juu ya sare ya kazi, viatu vya mpira miguuni, kikombe cha kahawa mkononi. Ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nne. Nyuma ya nyumba yake theluji imebaki vipande vipande, tena michafu, upande wa ukuta usiopata jua.

Mbele yake yamejipanga madumu hamsini na nane ya maziwa. Yote yamekatwa katikati na kufungwa tena kwa utepe mpana wa kijivu, na yote hayana vifuniko.

Anafungua la kwanza na kuchungulia. Sukuma wiki imeota, imebanana. "Ehe, mmeamka," anaiambia. La pili lina letasi. La tatu lina maua ya mipopi, miche myembamba kama nyuzi. Anaendelea hivyo, akinung'unika na kusifia, hadi anafika dumu nambari ishirini na tatu.

Hapo anaweka kikombe chini. Anafungua taratibu, anainamisha kichwa mpaka pua inakaribia kugusa udongo.

"Bado," anasema, na kulifunga.

Marlys ana umri wa miaka sitini na moja. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mpishi katika jiko la shule ya msingi ya Alder Falls, mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota, ambako watoto mia mbili na arobaini humngojea kila asubuhi kwa uji na mayai. Analipwa dola kumi na saba na nusu kwa saa, na shule ikifungwa kiangazi, mshahara nao unafungwa. Ndiyo maana mwezi wa tano huweka meza mbele ya nyumba na kuuza miche, dola tatu mmoja. Mwaka jana alipata dola elfu moja na mia moja.

"Hizo ndizo zinazonivusha mpaka shule ifunguliwe," anasema.

Taa za kukuzia miche na kitalu nyumba chenye joto ni vitu vya wenye nacho. Yeye ana madumu. Maziwa ya kupikia pale shuleni huja kwenye madumu ya galoni moja, nayo yakiisha hutupwa. Marlys huyaosha na kwenda nayo nyumbani. Huyatoboa chini kwa bisibisi iliyopashwa moto, hutia udongo wa mboji uliolowa, hupanda mbegu, hufunga utepe, kisha huyaweka nje mwezi wa kwanza, baridi ikiwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Kifuniko hutupwa, ili theluji iingie na kuyeyukia humo humo.

"Kuna watu wanazilea mbegu ndani ya nyumba kama watoto njiti," anasema huku akicheka. "Mimi nazitupa nje. Zinaganda, zinayeyuka, zinaganda tena, ganda linalegea. Siku yake ikifika, mbegu inajua yenyewe. Ina akili kuliko mimi."

Mwaka huu, hata hivyo, cheko lake lilikuwa limepungua, na sababu ilikuwa lile dumu nambari ishirini na tatu.

Humo mlikuwa na mbegu zote zilizobaki za delfinia za mama yake. Ni maua ya buluu, marefu kumpita mtu, ambayo Solveig Tveit alianza kuyapanda mbele ya nyumba ya shambani mwaka aliomzaa Marlys. Mwezi wa kumi mwaka jana, Solveig, mwenye miaka themanini na tisa, alihamia nyumba ya kulelea wazee. Shamba likauzwa. Mwenye shamba mpya alihitaji njia pana ya kupitisha matrekta, na bustani yote ikafukuliwa kwa siku moja. Iliyobaki ni bahasha moja ya mbegu, nazo mbegu za delfinia hazikai. Ukizingoja miaka miwili mitatu, umekumbatia bahasha tupu.

Solveig amesahau mengi. Wakati mwingine humwita Marlys kwa jina la dada yake aliyekwisha fariki. Lakini tangu mwezi wa kwanza, kila Jumapili, swali lake lilikuwa moja.

"Yameota?"

"Bado, mama. Baridi."

"Na hayo madumu yako! Mimi nilikuwa nazimwaga tu juu ya theluji mwezi wa tatu, naenda zangu kukamua ng'ombe."

Kitu ambacho Marlys hakumwambia ni yaliyotokea Alhamisi moja mwezi wa pili.

Nyumba ya jirani ilikuwa imepata mtu mpya. Verlyn Oksness, miaka sabini na minne, dereva mstaafu wa malori ya nafaka, alihamia hapo baada ya kufiwa na mkewe. Sasa, katika mji huu jirani akikusafishia theluji mlangoni hukimbilii kumshukuru. Yeye hajatangaza, nawe hutangazi. Siku nyingine unaacha sahani ya keki kwenye ngazi zake, mambo yameisha. Tenda wema nenda zako, basi Verlyn ni mtu wa kutenda na kwenda zake.

Asubuhi ile alimsafishia Marlys njia yote kwa mashine yake. Alipofika nyuma ya nyumba akaona shingo za madumu ya maziwa zimechomoza kwenye theluji, safu kwa safu.

"Nilisema moyoni, masikini huyu mama amezidiwa," anasimulia Verlyn, mashavu yakimwiva mpaka leo. "Kutwa yuko kazini, uwanja umejaa takataka. Na siku yenyewe ilikuwa siku ya gari linalokusanya plastiki za kutengenezwa upya. Nikasema hapa ndipo pa kumsaidia mtu."

Hakushangaa kuwa ni mazito? "Nilidhani ni barafu. Hayana vifuniko!"

Saa nane mchana Marlys alirudi akakuta uwanja mtupu, mashimo tu kwenye theluji. Kisha akamwona Verlyn dirishani, anampungia mkono, anatabasamu.

"Verlyn, madumu yangu yako wapi?"

"Usijali kabisa. Nimeyatia mifukoni, nimekutolea yote barabarani."

"Leo?"

"Leo. Gari limeshapita, nimelisikia asubuhi."

Marlys alikimbia hadi barabarani, na huku akikimbia alikuwa tayari anatunga maneno ya kumwambia mama yake.

Mifuko minane ilikuwa pale pale, imejaa, haijaguswa. Juu ya kila mmoja palikuwa na karatasi ya rangi ya chungwa, na alama ya kalamu mbele ya neno moja: CHAFU. Chini yake: Haupokelewi.

"Sijawahi kufurahi kukataliwa namna ile," anasema. "Nilikaa juu ya theluji nikalia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Verlyn akafika, akadhani nimepata wazimu."

Alipoelezwa, mzee alivua kofia kwenye baridi ile. "Mbegu ngapi?" aliuliza.

"Kama elfu mbili."

"Ee Mungu wangu."

Aliyarudisha mwenyewe yote hamsini na nane kwa sleji aliyoiburuta juu ya theluji, moja moja, hadi giza likaingia. Udongo ulikuwa umeganda kama jiwe, kwa hiyo haukumwagika. Isipokuwa dumu moja. Pembe yake ilipasuka, na kipande cha udongo, kiasi cha kikombe, kilikuwa kimemeguka. Marlys alikiokota ndani ya mfuko na kukirudisha mahali pake kwa mikono miwili. Lilikuwa nambari ishirini na tatu.

Tangu siku hiyo Verlyn akiona hata mbwa anakaribia uwanja ule, hutoka na ufagio. Ile karatasi ya rangi ya chungwa iko kwenye mlango wa jokofu la Marlys.

Mwezi wa nne ukaingia. Madumu mengine yakaota, ishirini na tatu likabaki udongo mtupu. Alipiga moyo konde na kusema delfinia ni wazito kuamka. Lakini Ijumaa ile, alipolifunga, hakuonekana kama mtu anayejiamini.

Jumanne iliyofuata simu ililia katika chumba cha habari cha gazeti hili kabla ya saa moja asubuhi. Sauti ilisema neno moja tu: "Njoo." Marlys hajulikani kwa kupigia watu simu asubuhi.

Uwanjani Verlyn alikuwa amepiga magoti kwenye tope, miwani puani, akihesabu kwa kidole bila kugusa.

"Kumi na mmoja," alisema. "Hapana. Kumi na wawili, huyu amejificha."

"Toa kichwa, unawazibia jua," Marlys alimfokea, huku machozi yakimtiririka waziwazi.

Miche saba kati ya hiyo ilikuwa imechomoza kwenye kile kipande kilichomeguka. Marlys alipoulizwa anajisikiaje, alishusha pumzi ndefu na kusema, "Si mbaya." Kwa watu wa hapa, hiyo ni sherehe.

Mchana, baada ya zamu, alilipeleka dumu lenyewe kwa mama yake, na tope lake. Nyumba ya wazee imemruhusu kulima kitalu chini ya dirisha la Solveig, na Verlyn amesema asithubutu mtu mwingine kushika jembe. Mwezi wa sita miche itahamia hapo.

Solveig aliinama juu ya dumu kwa muda mrefu. Aligusa jani moja kwa ncha ya kidole.

"Yangu haya," alisema.

"Yako, mama. Ila hayatachanua mwaka huu. Unajua delfinia ya mbegu, mpaka mwaka wa pili."

Mama mtu alimtazama binti yake kana kwamba ndiye aliyezeeka.

"Marlys," alisema, na safari hii hakukosea jina, "nimeyapanda miaka sitini. Weka karibu na dirisha, nitangoja."