Na Hawa Wengine Mnawaitaje?

Nakumbuka siku moja huko Thika, mwanangu, nilipoulizwa swali dogo tu nikakosa pa kuuweka uso wangu. Imenirudia jana nilipoona bango lako pale Ruiru. Kura bado hazijapigwa, na wewe ushajiandika Mheshimiwa! Haiya! Hebu keti. Na hiyo simu iweke chini kidogo.

Nilikuwa msichana, nikishona mashati kwenye kiwanda ambacho siku hizi hakipo. Wenzangu walinichagua niwe msemaji wao katika chama cha wafanyakazi kwa sababu mdomo ninao, na hilo halijabadilika. Punde meneja akanialika kula meza ya wakubwa, ile yenye kitambaa. Watu wakaanza kuniita Mheshimiwa kwa utani. Mwanzoni nilicheka, baadaye nikawa naitika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Enzi hizo kibarua akionekana ana mimba, anafutwa. Hakuna barua. Asubuhi majina yanasomwa getini, lake halisomwi, anarudi nyumbani. Rafiki yangu Wambui alikuwa na miezi mitano, amejifunga leso afiche tumbo. Akanishika mkono. "Kuna mgeni anakuja kesho. Sema mbele yake, wakubwa wakisikia. Wakinifuta, huyu mtoto nitamlisha nini?" Nikamwahidi.

Mgeni mwenyewe alikuwa mama kutoka Uswidi, waziri mzima, wa chama cha siasa cha wafanyakazi huko kwao. Nilitarajia manukato na walinzi. Akaja na viatu vya kutembelea, akachukua sahani, akapiga laini ya githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, nyuma ya vibarua. Meneja alitoa macho!

Baada ya kula alitusimulia maisha yake, mimi nikitafsiri. Alianza kufuma vitambaa kiwandani akiwa na miaka kumi na mitano. Jioni walikuwa wakisoma jikoni kwa jirani, wanawake sita na kitabu kimoja. Akawa diwani, akaingia bungeni, akaangushwa. Akarudi kwa mtambo wake, akasimama tena, akaangushwa tena, akasimama. Hakusimulia kwa majivuno, alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Ndipo meneja akasema, "Sasa Mheshimiwa wetu atatoa shukrani." Mgeni akaniuliza hilo neno maana yake nini. Nikamwambia, ni mtu anayestahili heshima. Akawatazama wale akina mama vibarua, akauliza bila kejeli yoyote, "Na hawa wengine mnawaitaje?"

Mwanangu, hilo ndilo lile swali. Tulikuwa tunawaita vibarua, basi. Mkononi nilikuwa na hotuba niliyopigiwa taipu na ofisi, na Wambui alikuwa ananitazama mimi tu. Niliogopa, sikudanganyi. Nikaikunja ile karatasi. Nikasema yote, ya mimba na ya getini, kwanza kwa Kiswahili ili wenyewe wasikie, kisha kwa Kiingereza.

Meza ya kitambaa sikuiona tena, nikapewa ufagio. Lakini kesho yake, jina la Wambui liliporukwa, tulisimama getini wote, na hakuna aliyekubali kuingia hadi lisomwe. Jua likapanda. Tukasimama tu. Likasomwa.

Unamjua Wambui. Ni cucu yako, nyanya yako, na mtoto aliyekuwa chini ya ile leso ndiye mama yako.

Sasa sikia. Ule uongozi utake, sikukatazi, tena utake kwa nguvu. Ukiangushwa, inuka. Lakini piga laini na watu wako, kula wanachokula, na ukiahidi mtu jambo, liseme mbele ya wale unaowaogopa. Mpanda ngazi hushuka, na wanaokungoja chini ni hao hao.

Leo ufute lile neno kwenye bango, uandike jina alilokupa mama yako. Mungu akutangulie, Kamau, akupe mdomo usionunulika na masikio yanayoambilika. Na siku jina lako litakaposomwa, asibaki mtu nje ya geti.