Shira ya Bomba la Deo

Sisimizi hawakuhusika. Miaka yote hii nimewasingizia, kwenye harusi, kwenye sikukuu za Idi, hata mbele ya mume wangu ambaye hakuwa ameniuliza kitu. Ile shira ya Baba niliilamba mimi, na aliyeongeza maji ili isijulikane ni mimi vilevile. Nimesoma mpaka chuo kikuu. Nimeandika kurasa nyingi juu ya ukweli, na watu wamenialika kwenye kumbi zenye feni nikawasomee. Bahati yangu, hakuna aliyewahi kunyoosha mkono akauliza habari za shira.

Nyinyi mliokulia Bujumbura miaka ile ya vita mtaelewa kwa nini sukari ilikuwa jambo kubwa hivyo. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, mipaka ikafungwa, na nyumbani kwetu kopo la sukari likahamia ndani ya kabati la Mama, chini ya kanga zake za harusi. Chai tulikunywa chungu. Tulipolalamika, Mama alisema, "Wazungu wanakunywa hivihivi, na wao wametengeneza ndege." Tukanywa, tukingoja kutengeneza ndege.

Lakini nikifumba macho leo, sioni vita kwanza. Naona mtaa wetu wa Buyenzi asubuhi. Adhana ikiisha, kunakuwa na kimya kifupi, kisha nyundo ya kwanza inagonga bati mahali fulani, nyingine inaijibu, na mtaa mzima unaamka kwa kugongwa. Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, wanaokaangwa inachanganyika na ya oili iliyoungua. Tulicheza kwa vilivyokufa: pete za pistoni zilikuwa bangili zetu, golori za beringi zilikuwa gololi za kuchezea, mipira ya ndani ya matairi ilikatwa ikawa kamba za kurukia. Nilikwenda shule ya Kifaransa isiyokuwa na Mfaransa hata mmoja nikiwa na vidole vyeusi, na mwalimu aliponiambia nikanawe, nilinawa, nikarudi na vidole vyeusi vyenye maji.

Baba, Fundi Yusufu, alikuwa na karakana uani kwetu. Spea zilikuwa haziingii, kwa hiyo alizitengeneza. Kipande alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile kinachokaa ubavuni mwa injini, chenye vidole vinne kama mkono uliokunjwa, kinachopokea hewa na petroli kutoka kwenye kabureta na kuvigawa kwa kila silinda. Mafundi wetu walikiita kolekteri. Baba alikiita pua. "Gari ni kama mutu," alisema. "Pua ikiziba, hata akiwa na miguu ya farasi atakaa chini."

Alizifyatua pua hizo mwenyewe kwa alumini ya pistoni kuukuu, na siku pistoni zilipopungua, kwa vifuniko vya sufuria za Mama, jambo lililoleta vita vingine. Ili bomba litoke na tundu ndani, alichukua mchanga laini, akaukanda na shira nzito, akaufinyanga kwa umbo la tundu lenyewe, akaupeleka kwa jirani yetu mwoka mikate ukaokwe mpaka ugumu kama biskuti. Umbo hilo aliliita nwayo. Alumini ikimwagwa kuizunguka, shira inaungua ndani, na ua wote unanukia kama kiwanda cha peremende. Kisha Baba anagonga bomba kwa nyundo ya mti, mchanga unachururika nje kama chumvi, na tunachungulia kwenye tundu tupu kana kwamba kuna sinema humo. Sijawahi kunusa tena kitu kama kile. Mimi nasema ndiyo harufu ya amani, ingawa amani haikuwapo.

Leo vijana wakitaka gari lenye nguvu wanataka lipige kelele mpaka watoto wachanga waamke. Enzi hizo mteja wa Baba, Deo, alitaka nguvu ili arudi kwake jioni. Alikuwa na pikapu ndogo ya Kijapani, akipandisha ndagala na sabuni mlimani Bugarama na kuteremsha kabichi na viazi. Barabara ile ya mlimani magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, nasi tuliuita konvwa kama walivyouita wao. Konvwa haikumngoja mtu. Gari lililokosa pumzi kwenye kona za juu liliachwa peke yake, na kila mtu alijua maana ya kuachwa peke yake kule.

"Fundi, mi sitaki mbio za kujionyesha," Deo alimwambia Baba, amekalia ndoo iliyopinduliwa. "Nataka tu mkia wa konvwa usiniache."

"Nitakupa pua ya tembo," Baba akajibu.

"Ya tembo itaburuta chini, nipe ya kawaida!"

Walicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuona kuna nini.

Kwa pua hiyo Baba alinunua sukari, sijui alivyoipata, na kuichemsha kwenye bakuli la bluu. Nilikuwa na miaka kumi. Nilipita nikachovya kidole. Nikapita tena. Nilipokuja kutazama, bakuli lilikuwa limeshuka kiasi cha kunitia jasho, nikaongeza maji ya mtungini na kukoroga kwa adabu. Jioni Baba alikanda mchanga, akausugua kati ya vidole, akatuita wote.

"Nani amegusa hii?"

"Mi apana, Baba," nikasema, wa kwanza kabisa. "Labda sisimizi."

Kwa wiki kadhaa Mama alizungushia majivu kila kitu kitamu ndani ya nyumba.

Siku tatu baadaye Deo alifungiwa pua yake mpya. Alilijaribu gari kwenye barabara ya ziwani, nasi tukiwa tumepanda nyuma, na lilikwenda kama lililoachiliwa kutoka kwenye manati. Upepo wa Tanganyika ulitujaza midomo. Watu wa Buyenzi walipiga makofi, na Baba, ambaye hakuwa mtu wa kusifiwa, alisimama mlangoni akifuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

Ijumaa Deo akapanda na konvwa. Konvwa ikarudi bila yeye.

Siku mbili hatukujua lolote. Madereva wenzake walisema tu kwamba gari lilianza kukohoa kwenye kona, likabaki nyuma, likapotea machoni. Baba hakula. Alikaa kwenye ndoo ileile ya Deo, na watu waliopita walimsalimia kwa sauti ya msibani. Mke wa Deo alikuja, akasimama mbele yake, akaondoka. Nami chini ya kitanda nilimwahidi Mungu kwamba sitaonja tena kitu kitamu maisha yangu yote, ahadi iliyodumu mpaka Idi.

Siku ya tatu Deo alifika amekaa juu ya lori la kabichi, mzima, kiatu kimoja. Alikuwa amelala ndani ya chaka na kutembea kwa miguu. Gari lilikutwa limechomwa. Alikuja kwetu kabla ya kwenda kwake.

"Fundi, kwenye bonde ilikuwa farasi," alisema. "Mlimani, na muzigo, ikakosa pumzi. Pua yako imeniacha."

Uani palijaa watu. Baba aliinamisha kichwa. "Ni mchanga," akasema. "Mchanga ulibaki ndani."

Mchanga. Nilijua mchanga huachia lini: shira ikiwa nyepesi, nwayo haishiki. Hakuna aliyenitazama, lakini nilihisi ua mzima umenigeukia. Tangu siku hiyo Baba hakufyatua tena kolekteri hata moja. Aliziba mabomba ya moshi, akanyoosha bodi, mpaka uzee ulipomtoa karakanani. Mimi nikaenda chuo kikuu kusomea ukweli, nikijua kwa hakika jambo moja tu, kwamba ulimi wangu ndio uliomaliza ufundi wa baba yangu na nusura umuue mtu.

Mwezi uliopita mpwa wangu Zuhura, mwenye shahada na kucha ndefu kuliko bisibisi, alinitumia picha za gari lake. Ameagiza kolekteri kwa mtandao. Imekuja ndani ya boksi, inang'aa kama seti ya sahani za harusi, na stika juu. Hakuna aliyetoa kifuniko cha sufuria. Hakuna aliyekanda mchanga. Haikunukia chochote. Niliitazama nikamwonea wivu, kisha nikamwonea huruma, kisha nikakumbuka kuwa mimi mwenyewe sijui hata kubadilisha plagi.

"Shangazi, barabara ya chini inaruka!" akaniambia. "Ila kupanda kilima cha Kiriri inakohoa, sijui kwa nini. Nimempelekea Babu aisikilize."

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, Baba akanipigia simu. Kwa kawaida anauliza afya na kukata. Safari hii alizungumza kuhusu injini robo saa nzima, sauti imekuwa ya kijana, nami nikashindwa kuvumilia.

"Baba, ile shira ya pua ya Deo. Nililamba mimi."

"Nilijua," akasema. "Sisimizi hawaongezi maji, mama."

Nikaketi. "Kumbe ulijua kuwa ni mimi niliyemwacha Deo mlimani?"

"Apana. Bomba la shira yako halikwenda mlimani. Nililigonga nikasikia nwayo imevunjika, nikaliyeyusha upya, wewe uko shule. La pili, mchanga wake niliukanda kwa uji wa muhogo. Lilitoka safi, hata punje moja haikubaki."

"Sasa mchanga?"



"Bomba nililipanua mno. Kama hili la Zuhura. Nilitaka hewa nyingi, nilitaka watu waseme Fundi Yusufu. Bomba likiwa pana, gari likienda polepole na mzigo, hewa inalegea, petroli inaanguka njiani. Sikulijua hilo mpaka Deo aliporudi na kiatu kimoja. Watu wote wananitazama, nikasema mchanga. Mchanga hauna mwenyewe." Akaendelea: "Deo tumemzika mwaka juzi. Nilishika jeneza. Sikumwambia."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"We umepata wa kumwambia, mama," akasema Baba. "Mi Deo nilikuwa naye mtaa mmoja miaka yote."