Tawi Kwenye Barabara ya Oraba

Jirani yangu hapa Awindiri anapopogoa miti ya ua wake, harufu ya utomvu hunirudisha nyuma ya baiskeli ya baba, tukielekea Oraba, mpakani. Wakati ule wa vita, tawi lililolazwa barabarani lilikuwa alama: mbele kuna hatari. Likikauka, hatari imepita.

Baba alisimama penye tawi moja, akayasaga majani yake kiganjani. Yakawa unga.

"Hii iko ya zamani," akasema. "Shuka, ngoja hapa. Mimi naangalia kwanza."

Akaendesha, akapotea kwenye kona. Mimi nikaliokota lile tawi, nikalivunja, basi tu, kucheza. Jua la kiangazi lilikuwa limekausha majani tu. Ndani mti ulikuwa mbichi, unatoa maji.

Nikamwita baba mpaka sauti ikanikauka.