Modesta anaogopa dawa kuliko maumivu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwalo wa Igombe, bandari ndogo ya wavuvi ziwani. Modesta Kashindye (32) anatandaza dagaa kwenye chanja kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameubana tumboni. Bega linamuuma tena tangu Jumatatu, na kila likivuta, moyo unamwenda mbio.

"Maumivu nayaweza," anasema. "Ninachokiogopa ni dawa yake."

Keshokutwa, Jumapili, ni mashindano ya kupiga makasia, na Modesta ndiye nahodha wa wanawake wa mwalo huu. Ana miezi saba hajagusa tramadoli, dawa kali ya maumivu iliyomtia uraibu.

Balaa lilianzia kwenye uji. Huku wapiga makasia hunywa uji wa sufuria moja kabla ya kupanda mtumbwi, na anayeukataa huonekana ana lake jambo. Miaka minne iliyopita, siku ya fainali, kocha wao wa wakati huo alisaga vidonge akavikoroga humo. Wakanywa, wakashinda.

"Bega sikulisikia kabisa. Aliponiambia siri yake, sikukasirika. Nilimwomba vingine."

Mwaka wa pili alikuwa anameza vidonge tisa kwa siku. Faida ya dagaa, kama shilingi elfu kumi na tano kwa siku nzuri, iliishia humo. Kisha akaanguka kifafa hapa hapa chanjani, mwanawe Precious, wa miaka tisa, akishuhudia. Ndipo akakubali kupelekwa hospitali.

Gladness, mwenzake wa mtumbwini, anakuja akiwa ameshika ncha ya khanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umefunga nini hapo?"

Gladness anafungua. Vidonge viwili. "Viwili tu, dada. Mashindano yakiisha, basi."

Modesta anavitazama muda mrefu mno, mpaka mtu anatamani kumshika mkono.

"Vitupe majini nikiona," anasema hatimaye. "Ukiondoka navyo, jioni nitakufuata. Najijua. Na Jumapili nahodha ni wewe, mimi nabaki nchi kavu."

Gladness anavitupa, ananuna, anaondoka. Modesta anakaa chini.

"Wakishindwa, mwalo mzima utanisema. Waniseme tu," anasema. "Natamani siku moja Precious aamke aniamkie kama watoto wengine. Sasa hivi ananikagua macho kwanza."