Jino la Mama Furaha

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nikiwa mwaka wa nne wa masomo ya udaktari wa meno, niliposimama kwenye lango la soko la Wandegeya nikichungulia vinywa vya watu.

Usicheke. Hata nyinyi wanafunzi wa leo mnawatafuta wagonjwa, ingawa mnatafuta kwa simu. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari la kliniki, na kila kazi aliyoifanya kinywani mwa mgonjwa ilihitaji saini ya mwalimu. Bila saini zote, hukuingia kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka. Sisi tulikuwa wengi, viti vya kutibia vilivyofanya kazi vilikuwa vichache, na wagonjwa waliokuja wenyewe hawakututosha. Kwa hiyo tulitoka kwenda kuwatafuta, mmoja mmoja, kama mtu atafutaye chumba cha kupanga. Mimi nilikuwa nimebakiza jino moja tu la kung'oa. Daftari lilitakiwa Ijumaa.

Ndipo nilipomwona Mama Furaha, mama wa Kikongo aliyekaa Kawempe na kutembeza vitenge, akiwa ameshika shavu. Nilifurahi kumwona ameshika shavu. Nakiri hilo bila kulipamba.

"Shikamoo, mama."

"Ee! Shikamoo ya wapi tena hapa Kampala?" Alicheka, kisha akakunja uso. "Ni hii jino ya nyuma. Nikikunywa maji ya baridi inauma kidogo, halafu inaisha."

Nilijua maana ya maneno yale. Jino linaloshtuka kwa maji baridi na kutulia mara moja, aghalabu bado ni zima kwa ndani. Huzibwa, na mwenyewe akalitafunia miaka mingi. Lakini saini za kuziba nilikwisha kuzipata zote. Nilimwambia twende kliniki, watamtazama bure. Akafunga mzigo wake wa vitenge, akanifuata.

Mwalimu wa zamu alikuwa Dokta Ssebunya, mtu mpole aliyekuwa akisimamia viti sita peke yake asubuhi ile, kila kiti na mwanafunzi anayemwita. Mashine ya picha za meno ilikuwa imeharibika tangu wiki iliyotangulia. Yeye alizungumza Kiganda na Kiingereza. Kiswahili chake, alivyopenda kusema mwenyewe, kilikuwa kile cha kizuizi cha askari, simama na toa kitambulisho. Mama Furaha naye alikuwa bado hajakishika Kiganda. Nyumbani kwetu, kwa upande wangu, Kiswahili ndicho tulichoamkia. Wazee wetu walifika Kampala na biashara kutoka pwani wakabaki hapa. Basi kati ya mgonjwa na mwalimu nilikuwapo mimi tu.

"Muulize maumivu yanakaa muda gani," alisema Dokta Ssebunya, akiwa tayari amegeuza shingo kutazama kiti cha pili.

Nikamuuliza. Mama Furaha akajibu yaleyale ya sokoni, kwamba yanapita mara moja, na kwamba usiku analala vizuri.

"Anasema yanakaa usiku kucha," nikamwambia mwalimu kwa Kiingereza. "Halali."

Mama Furaha alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu aliamini nimesema alichosema. Mwanangu, nimesahau mitihani mingi, lakini kichwa kile kikitikisika sijakisahau.

Mwalimu alimulika kinywa, akaliona shimo jeusi, akaruhusu ning'oe. Nilipiga sindano ya ganzi, nikashika koleo. Gego lilitoka zima, kazi safi kuliko zote nilizokuwa nimefanya. Nikaliweka kwenye sahani ya chuma na kufungua daftari.

Dokta Ssebunya hakuchukua kalamu. Alilichukua jino, akaligeuza kwenye mwanga, mizizi yake haina doa. Akalichokonoa lile shimo kwa kifaa chenye ncha na kukuta chini yake pagumu. Uozo haukuwa umefika popote.

"Muulize tena," alisema. "Safari hii neno kwa neno."

Nikamuuliza. Mama Furaha, pamba ikiwa mdomoni, alinitazama kwa mshangao. "Si nilikuambia? Inapita tu. Nilikuambia kule soko, nilikuambia na hapa."

Mara tatu alilitamka hilo neno, nilikuambia, na mwalimu, akiutazama uso wake, hakuhitaji mkalimani.

Hakunifokea. Alifunga daftari langu na kunirudishia. "Na mimi nilitazama kwa haraka," alisema, "hilo nitalijibia mwenyewe. Lakini hapa sitii saini. Sasa mwambie mama huyu ulichofanya, kwa lugha yenu."

Nilipiga magoti kando ya kiti, nikamweleza yote: daftari, Ijumaa, uongo wangu. Nilingoja anipige. Angenipiga ningeona nafuu.

Mama Furaha aliisogeza pamba kwa ulimi. "Sasa juu ya nini hukunielezea tu? Mungu wangu! Pale kwetu Kawempe watu wa meno ya kuoza wako mingi, hata kwa mlango wetu. Ningekuletea wawili, watatu. Wewe unakuja kutoa ile nzuri!"

Kisha akalia, na mimi nikalia.

Sikufanya mtihani na wenzangu. Nilirudia mwaka, nikawa namuamkia mwalimu yuleyule kila asubuhi, nikiona haya mpaka haya ikanizoea. Mwezi wa pili wa mwaka ule wa kurudia, Mama Furaha alitokea mlangoni akimvuta jirani yake kwa mkono. "Huyu yake imeoza kweli," alitangaza mbele ya kliniki nzima. "Nimeangalia mimi mwenyewe kwanza." Dokta Ssebunya alicheka hadi akavua miwani. Saini niliyoikosa niliipata kwa jino la jirani yule.

Sasa ni mimi ninayesimamia viti, na viti bado havitoshi. Mama Furaha bado huja kwangu kusafishwa meno, na hataki pengo lile lizibwe, ingawa nimeomba miaka yote nilizibe kwa mikono yangu. Wanafunzi wangu wakimchungulia, hulionyesha kwa kidole. "Hapa ndipo shule ya mwalimu wenu ilipitia."

Mwanangu, najua unavyobanwa. Najua glavu unanunua mwenyewe, najua mwalimu unamfukuzia korido nzima, na mgonjwa uliyemngoja wiki mbili haji. Sikulaumu kwa kuchoka. Nisingekuwa na uso wa kukulaumu. Ninachokuomba ni kwamba unapopungukiwa, useme umepungukiwa. Njoo uniambie mimi, hata kama ninaonekana nina haraka; nivute koti. Mwambie na mgonjwa kwamba wewe ni mwanafunzi na unatafuta nini, kwa maana watu wa mji huu wana huruma kuliko tunavyowadhania, na mimi niliikosa huruma hiyo kwa kutoiomba tu. Na akikueleza maumivu yake, andika alivyoyaeleza, hata kama jibu lake linakunyima mwaka. Mwaka niliurudia. Jino halikurudi.

Mungu akupe mkono mtulivu na sikio lisilo na haraka. Akupe walimu watakaokutazama mara mbili. Na siku daftari lako likikutwa na pengo, ajalie liwe pengo la karatasi tu, lisiwe la kinywa cha mtu.