Mti wa Miiba Ndani ya Debe

Mti ule ulipoanza kudondosha majani, baba naye alianza kuchelewa kutoka kitandani. Mama ndiye aliyeona kwanza kwamba mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Alinivuta kando, kwenye bomba la maji tulilotumia na majirani wa safu yetu nzima, akaninong'oneza:

"Wewe umefika kidato cha nne. Tafuta huo mti unaitwaje, baba yako asije akafa kwa ajili ya kijiti."

Tuliishi Shauri Moyo, katika chumba kimoja cha nyumba za baraza la jiji. Nilikuwa nimerudi kutoka Mombasa, kama nilivyokuwa nimerudi kutoka Eldoret kabla ya hapo, na tayari miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Ndivyo nilivyoumbwa. Hata leo, nikikaa mahali hadi nikajua sauti ya kila mlango, natamani kuondoka, na nikishaondoka naikumbuka ile milango. Lakini mwaka ule sikuthubutu. Nilimtazama baba nikaona kwamba nikienda, nitarudi kwenye matanga.

Baba alikuwa mchongaji. Miaka yake yote ya kazi Nairobi aliimalizia kwenye banda la wachongaji karibu na Gikomba, ameketi chini, gogo katikati ya miguu, tezo mkononi, akitoa twiga na vifaru kwa ajili ya watalii ambao hakuwahi kuwaona. Kisha mikono ikamkataa. Viungo vya vidole vilivimba, vikapinda, vikawa kama vimeshika kitu kisichokuwepo. Siku moja tezo ilimponyoka ikamchana mwenzake gotini. Hawakumfukuza. Walimwambia tu, "Mzee, kapumzike," na neno hilo lilimwumiza kuliko matusi.

Zamani aliwahi kupeleka kinyago kwa mteja upande wa pili wa mji, akaonyeshwa mti mzee uliopandwa katika sahani, kimo chake kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Mwenye nyumba aliuita bonsai. Alimweleza kwamba mti ule ulipewa umbo kwa waya na kwa kubana vichipukizi kwa kidole, mwaka baada ya mwaka. Baba hakusahau. "Yule mtu anachonga," alituambia mara nyingi, "lakini mti wake haufi." Na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa bado kinakunjika.

Basi Jumapili moja tukitoka kanisani, alisimama kando ya Barabara ya Jogoo, mahali wachuuzi walipopanga maua katika mikebe. Aliyapita mawaridi yote. Nyuma kabisa palikuwa na mche mmoja wa miiba, shina nene limepinda kiunoni kama bibi aliyebeba kuni, majani yake madogo yamejaa. Aliuchuchumalia, akauzungusha, akatabasamu. Nilikuwa sijaona meno yake kwa miezi.

"Unaitwaje?" alimwuliza mchuuzi.

"Huo wa kupamba tu, mzee. Hausumbui."

Tukaubeba bila jina, tukauhamishia katika debe la mafuta ya kupikia lililokatwa nusu. Baba alipiga marufuku kitu chochote cha makali kuukaribia. Aliposikia kisu kimewekwa karibu na debe alikemea kana kwamba kuna mtoto mchanga ndani. Alisema hataukata hata kidogo mpaka auzoee, nao umzoee.

Jirani yetu, mama mmoja wa kutoka Murang'a aliyeuza kabichi Gikomba, aliutazama mara moja tu akatoa hukumu.

"Hiyo ni kayaba. Kwetu ndiyo fensi. Mpatieni maji, mtaona atakavyonyanyuka."

Kayaba naijua. Ina miiba, kweli. Na kwa kuwa debe lilikaa karibu na bomba, kila mwanamke wa safu ile aliyesuuza sufuria alimwagia mti wa mzee maji yaliyobaki. Ulikuwa ukarimu mtupu. Majani yakageuka manjano, wakaongeza maji. Yakaanza kuanguka, wakaongeza tena. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha, jua la Januari linawaka, na watu wote walikuwa wanauhurumia mti kwa kiu.

Nilirudi Barabara ya Jogoo. Mchuuzi wetu hakuwepo. Askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji wanaofukuza wachuuzi, walikuwa wamepita. Aliyekuwa amekalia mahali pake alikuwa kijana wa rika langu, kofia imemfunika nyusi. Nilimwonyesha kitawi kilichojiangukia chenyewe, maana majani yote yalikuwa yamesagikia mfukoni.

"Buda, hii si ni mwiba tu?"

"Nataka kujua ni mwiba wa nini."

"Wa kudunga!" Wenzake wakacheka. "Hapa tunauza maua, buda. Kama unataka majina, nenda kwa pasta akubatizie."

Nilifungua kitabu changu cha elimu ya viumbe cha shuleni. Kulikuwa na mchoro wa mharage na mchoro wa muhindi, imepasuliwa vizuri, kila sehemu na mshale wake. Nilikaa nacho mapajani nikitamani kulia. Sikuhitaji kujua mti unavyokula jua. Nilihitaji kujua kama huu unataka maji au hautaki, nao haukusema, na kila siku ulizidi kuwa uchi, na kila siku baba alizidi kuugeukia ukuta. Mama alimpikia muthokoi, chakula cha kwao alichokipenda. Alionja mara moja akakisogeza.

"Mikono ilinikataa," alisema. "Sasa na mti."

Jani la mwisho lilipoanguka nililibeba debe zima nikaliweka kwenye kigoda karibu na kitanda chake. Sikuwa na mpango wowote. Niliketi sakafuni, kisha nikamwuliza, kwa sababu tu kimya kilikuwa kinanitisha:

"Baba, kule bandani magogo yalikuja bila majani, mengine bila magamba. Mliyajuaje?"

Aligeuka kutoka ukutani. "Mchongaji hajui majani. Mimi naijua miti ikishakufa. Unapiga tezo mara moja, unainua kipande, unanusa."

Akakisikia mwenyewe alichosema. Nami nikakisikia.

"Lete patasi ndogo," alisema.

"Ulikataza makali, Baba."

"Lete. Kama nimeuua, nijue nimeua nini."

Patasi ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, chini ya kitanda. Alijaribu kuishika, ikaanguka blanketini. Akajaribu tena. Kisha akanisukumia kwa kiganja. "Shika wewe. Chukua tawi la juu. Usisukume, acha chuma kijipeleke."

Nilikata. Chini ya gamba jembamba lililobanduka kama karatasi palikuwa na kijani, na juu ya jeraha pakatokea tone la utomvu, zito, lenye harufu kama ubani. Nilimwekea kitawi puani. Alifumba macho.

"Mbuzi," alisema.

Nilidhani akili imemtoka.

"Zizi la mbuzi la mama yangu. Tulipigilia vigingi vya mti huu ardhini kulizunguka, vikaota. Asubuhi mbuzi wakijikwaruza, boma lote linanuka hivi." Akautaja kwa Kikamba. Miaka mingi baadaye, pwani, niliukuta tena, watu wa huko wakauita mbambara.

Mama, aliyekuwa mlangoni, alichukua kitawi, akanusa, akaangua kicheko hadi akashika kizingiti. "Mzee wangu! Umezaliwa ndani ya fensi hii, umetoroka Kitui kwa kuiruka, ukaja kuibebea debe Nairobi!"

"Haikuwa na majani hivyo," alijitetea. "Kwetu iko uchi karibu mwaka mzima. Mvua ikiisha inalala." Hapo ndipo akautazama udongo uliolowa ndani ya debe, na mama akaacha kucheka.

Niliung'oa kutoka ndani ya debe. Udongo ulitoka kama uji. Mizizi ilikuwa myeusi, ikiteleza, inanuka mfereji. Mti ulikuwa umetaka kulala tu, nasi tukauzamisha.

Lile shina lililopinda, lililomfanya atabasamu, lilikuwa limeoza hadi kiunoni. Baba alinielekeza nikate palipo pazima. Tukapata vigingi vitatu, vimenyooka, visivyofanana na kitu cha kuwekwa katika sahani. Vikakaa kivulini mpaka utomvu ukaganda, kisha nikavichomeka katika debe lilelile, kwenye mchanga mkavu, nikaliweka ndani ya chumba, mbali na bomba.

"Mnanyima mti maji?" jirani alishangaa, birika mkononi. "Nyinyi watu wa kiangazi mna roho ngumu!"

"Mama, usiuguse!" nilipiga kelele, na sauti yangu ikamfanya jirani arudi nyuma.

Februari ikapita. Kila asubuhi nilikwaruza gamba kwa ukucha, na kila asubuhi baba aliuliza kutoka kitandani, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado kijani." Kisha kigingi kimoja kikawa kahawia hadi ndani. Kisha cha pili. Nilimwambia. Siku hiyo hakunywa hata chai.

Machi mawingu yalijaa upande wa Industrial Area, yakatawanyika bila kunyesha. Asubuhi iliyofuata nilikwaruza kigingi cha tatu, nikashindwa kujua kama nilichokiona ni kijani au kahawia.

"Lete hapa," alisema baba.

Nilimwinua, nikamwekea debe kifuani. Alijaribu kwa kidole gumba, lakini nacho sasa kilikuwa kimekakamaa. Akatazama mkono wake, akautazama mti, kisha akainama polepole katikati ya miiba, akaling'ata gamba kwa meno ya mbele na kulivuta.

Mwiba ulimchoma shavuni. Hakujali. Aliishikilia ile ladha mdomoni, mama na mimi tumesimama kama tunaosubiri hukumu. Utomvu uling'aa kwenye mdomo wake wa chini.

"Upo," alisema. Akapumua. "Nivalishe viatu. Dirisha hili halina jua, tuusogeze."