Kambare wa Chini na Firigisi ya Mgeni

Nilipoolewa nikateremka kutoka Mghange, huko milimani, hadi kota za reli pale Voi, miaka ya hamsini, nilikuta samaki wamenitangulia. Waliishi ndani ya tangi la kioo ambalo karani mmoja Mgoa alimwachia mume wangu alipohamishwa. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na nusu, na hiyo nusu ilikuwa yao. Maji ya kuwabadilishia niliyapangia foleni bombani mimi, kwenye jua la Voi, nikiwa na mimba ya kwanza. Majirani walidhani napenda sana kuoga.

Juu waliogelea samaki wa rangi, wenye mikia kama leso za sikukuu. Chini, mchangani, walikaa kambare wadogo wasiofika urefu wa kidole, wenye masharubu na uso wa mtu anayetafuta sindano iliyomwanguka. Mara moja moja mmoja wao alichomoka mbio hadi juu, akavuta hewa, akarudi chini upesi kana kwamba amekosea mlango.

Mume wangu, karani wa mizigo stesheni, alikuwa na elimu yake juu yao. Wa juu hulishwa chembe za mkate asubuhi na jioni. Wa chini hawalishwi. Kazi yao ni kusafisha, na chakula chao ni kile kinachoanguka. Aliyaeleza haya kwa kila mgeni, kisha akageukia malalamiko yake dhidi ya wakubwa wa kazini, ambao walimpa viti vibovu walivyokwisha kuvichoka wenyewe.

Mafundisho hayo niliyaelewa haraka. Kwa desturi ya kwao mume wangu, huko bara, wanaume walikula kwanza, na mke alikula jikoni kile kilichorudi. Mara nyingi kilichorudi kilikuwa mchuzi. Kwetu Mghange mama alijipakulia kabla sufuria haijatoka jikoni, na baba hata hivyo alifika uzeeni. Nilipomtajia mume wangu jambo hilo, alisema huko milimani kuna baridi, kwa hiyo mambo ni tofauti.

Kisha kambare wakaanza kufa. Wa kwanza nilimwokota asubuhi, tumbo limeingia ndani. Mume wangu akasema ni uzee. Alipokufa wa pili, naye akawa mzee. Nikakaa mbele ya kioo wakati wa kulisha nikatazama: chembe hazikufika hata nusu ya njia. Niliwaonea huruma, na sitaficha, nilijionea huruma mwenyewe pia. Njaa ya mimba haina heshima.

Nikaanza kuchimba nyungunyungu kwenye tope la bombani na kuwakatakata. Mume wangu akishaenda kazini, nilinyunyiza mkate kwenye pembe moja ya tangi. Wa juu walipokuwa wakiugombania huko, niliangusha nyungunyungu pembe ya pili. Kambare walikusanyika pale, vichwa chini, mchanga ukitimka. Haikupita muda wakanenepa.

“Unaona?” mume wangu akaniambia. “Makombo yanawatosha kabisa.”

Nikarudi jikoni. Nilikuwa na mchuzi wangu wa kunywa.

Ndipo kaka yake mkubwa akaja kututembelea. Kuku akachinjwa, na firigisi, kwa desturi yao, ilikuwa ya mgeni wa namna hiyo. Mwanamke hakuthubutu hata kuionja. Nilikuwa jikoni nikimsafisha kuku nilipomsikia mume wangu akianza somo lake: hawa wa chini, kaka, hawana gharama yoyote. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Walipotoka kwenda kuitazama stesheni, niliikata firigisi ikiwa mbichi, vipande vidogo vidogo, nikaitia yote tangini.

Wakati wa kula, shemeji alizungusha kijiko ndani ya bakuli, akatafuta, akatafuta tena. Mume wangu akaniuliza firigisi iko wapi.

“Wamekula wa chini,” nikasema, nikaonyesha tangi. “Makombo hayajawahi kuwatosha. Siku zote hizi nawalisha mimi.”

Kambare walikuwa wamelala mchangani, matumbo yamewatuna. Shemeji aliwatazama kwa makini, kisha akatazama tumbo langu.

“Na wewe, shemeji, umekula?”

“Atakula kitakachobaki,” mume wangu akajibu upesi.

Kisha akasikia alichokisema. Akatazama tangi, akatazama bakuli. Shemeji akavuta stuli akaisogeza mezani, upande wangu, niketi nile.

Siku hiyo nilikula paja zima, wala sikuona haya. Kwa kuku waliofuata, mume wangu alinipakulia mimi kwanza, nyama nzuri. Firigisi aliendelea kuila mwenyewe. Na wageni walipouliza kuhusu kambare, aliwaeleza kwamba wa chini ni lazima watengewe chakula chao, na kwamba jambo hilo aliligundua yeye.